Wasambazaji wawili, kumbe kiwanda kimoja

SWALI

Habari za kazi, Mshauri.

Mimi ni mkuu wa manunuzi katika kiwanda cha kati kinachotengeneza sabuni ya maji ya kunawia mikono. Tuna wasambazaji 46. Mteja wetu mkubwa kuliko wote ametuandikia akitaka mpango wa mwendelezo wa biashara unaohusu wasambazaji wetu muhimu, na ametupa miezi mitatu. Bosi kanikabidhi mimi.

Nilianza kwa kuwatumia wote dodoso. Kila aliyejibu amesema mpango anao, na wengine wameambatanisha vyeti. Nikaona kazi imekwisha. Ila SLES, malighafi yetu kuu ya povu, tunainunua kwa mawakala wawili makusudi, ili mmoja akikwama mwingine atuokoe. Mwezi uliopita wote wawili walikwama wiki ileile. Kijana wetu wa ghalani akabandua stika ya wakala kwenye pipa, akakuta lebo ya kiwanda chini yake. Akaenda kwenye pipa la wakala wa pili: lebo ni ileile. Laini mbili zilisimama karibu wiki mbili.

Sasa siamini tena jibu lolote la lile dodoso. Vifuniko vya pampu navyo tunanunua kwa mtu mmoja tu, mwenye kiwanda kidogo cha mashine chache. Kampuni inayotuhifadhia mfumo wa oda na stoki ni kubwa mno, hata barua zetu kujibiwa ni bahati. Nani hasa ni msambazaji muhimu? Nitajuaje kama mpango wake ni wa kweli? Niweke akiba kiasi gani, maana mhasibu hataki hela ilale ghalani? Na mkataba uandikweje?

Mnunuzi asiyelala

JIBU

Ndugu Mnunuzi,

Dodoso liweke kando kwanza. Ukimuuliza muuzaji "je, una mpango wa mwendelezo?" atakujibu ndiyo, angekuwa nao au asingekuwa nao. Unachohitaji ni namba mbili kwa kila kitu unachonunua. Ya kwanza ni siku ambazo kiwanda chako kinaweza kuendelea kuzalisha bila kuletewa kitu hicho. Ya pili ni siku atakazochukua msambazaji kurudi kuleta mzigo akipatwa na janga. Namba ya kwanza ikizidi ya pili, msambazaji huyo asikunyime usingizi. Ikipungua, tofauti yake ndiyo pengo, na mpango mzima ni kazi ya kuziba mapengo.

Hapo swali lako la kwanza limekwisha kujibika. Usiwapange wasambazaji kwa fedha unazowalipa kwa mwaka. Watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walipofanya hesabu ya namna hii pamoja na kampuni ya magari ya Ford, walikuta hatari kubwa mara nyingi imejificha kwa wauzaji wa vitu vya bei ndogo, wale ambao hakuna mkubwa anayewataja kwenye kikao. Kwako wewe mwenye maboksi huenda analipwa kuliko mwenye pampu, lakini maboksi utayapata kwingine ndani ya siku chache. Pampu hutazipata. Katika hao 46, usishangae wakibaki sita au wanane wenye pengo la kweli.

Namba ya kwanza watu huikosea kila mara, kwa sababu huisoma kwenye mfumo bila kwenda ghalani. Tuseme mfumo unaonyesha pampu 90,000 na matumizi ya kawaida ni 6,000 kwa siku: siku 15. Ghalani unakuta 12,000 zimetengwa kwa kuvuja na 6,000 ni za rangi ya bidhaa mliyoiacha. Zinabaki 72,000. Halafu msimu wa mauzo makubwa mnatumia 8,000 kwa siku. Siku zako ni 9. Tumia matumizi ya msimu, kwa kuwa janga halichagui mwezi wenye oda chache.

Namba ya pili usimwachie msambazaji aitaje kwa mdomo. Mkae naye muivunje vipande: kugundua tatizo, kupata mashine nyingine, kupata kalibu (umbo la chuma linaloipa plastiki sura yake), kupata malighafi, kufanya majaribio, kusafirisha. Na muulizie jengo zima kuungua, maana ukimuuliza mashine kuharibika atakutajia siku mbili za fundi. Kwa pampu, kipande kizito ni kalibu. Kutengeneza mpya huchukua wiki 8 hadi 12, na zaidi kama ina matundu mengi, yaani inatoa vipande vingi kwa mpigo mmoja. Weka siku 75 kuwa makadirio ya kuanzia, kisha msahihishe pamoja.

Sasa jinsi ya kumpima. Maswali ya ndiyo na hapana yafute. Uliza yanayodai jina, namba au karatasi. Pampu zetu zinatengenezwa jengo lipi, mashine ipi? Mashine nyingine ngapi hapo ndani zinaweza kubeba kalibu hiyo? Una plastiki ya siku ngapi, na nani anakuuzia? Nani anapokea simu saa 8 usiku, na akiwa mgonjwa nani anashika nafasi yake? Mara ya mwisho mmefanya zoezi lini, na nini kilishindikana? Swali hilo la mwisho lipe uzito, na omba ripoti yake. Zoezi ambalo halikuibua kasoro hata moja, ama halikufanyika ama lilipangwa lifaulu.

Jenereta nalo likague kwa macho. Mara nyingi litawasha taa, ofisi na kamera, lakini halibebi hita za mashine ya plastiki wala mtambo wa maji baridi. Umeme ukikatika katikati ya kazi, plastiki hugandia ndani ya pipa la mashine, yaani bomba inamoyeyushwa, na ukirudi inabidi pipa lipashwe moto upya na kusafishwa kabla kipande kizuri kutoka. Kwa hiyo umeme kukatika nusu saa hula saa kadhaa za uzalishaji. Mtu wa ofisini hawezi kukujibu hili. Muulize fundi wa zamu.

Vyeti visikutishe wala visikutulize. ISO 22301 ndicho kiwango cha kimataifa cha mwendelezo wa biashara. Kilitoka 2012 na kufanyiwa marekebisho 2019. Ukikipokea cheti chake, usiishie kwenye nembo. Shuka hadi sehemu inayotaja kinahusu eneo gani na shughuli gani. Kinaweza kuwa cha makao makuu na kituo cha simu, huku kiwanda kinachokuuzia hakimo kabisa.

Turudi kwenye SLES. Kosa la wasambazaji wawili wanaokunywa kisima kimoja limewapata wakubwa kuliko ninyi. Baada ya tetemeko la ardhi la Japani la 2011, kampuni kadhaa za magari ziligundua kwamba rangi yao ya kumeremeta ilitegemea unga uliotoka kiwanda kimoja cha kampuni ya kemikali ya Merck huko Onahama, Japani. Ford ikalazimika kuzuia oda za baadhi ya magari meusi na mekundu.

Huhitaji mpelelezi kulijua hili mapema. Vuta vyeti vya uchambuzi, yaani karatasi za vipimo vya ubora zinazokuja na mzigo, vya mizigo ya mwaka mzima kutoka kwa kila wakala, uvilaze ubavu kwa ubavu: jina la mtengenezaji, namba ya bechi, tarehe ya kutengenezwa. Namba za bechi zikifanana au zikifuatana kwa mtindo uleule, jibu unalo. Wakala akikuletea cheti chenye nembo yake tu bila jina la mtengenezaji, dai cha asili. Akikataa kwa hofu ya kurukwa, mwandikieni ahadi ya kutonunua moja kwa moja kwa muda fulani. Ni bei ndogo kwa taarifa hiyo.

Kisha panda ngazi moja zaidi. SLES hutengenezwa kwa alkoholi zitokanazo na mafuta ya mawese au nazi, au za petroli, zikichanganywa na ethilini oksaidi. Gesi hiyo ni ya hatari kusafirisha, ndiyo maana viwanda vya kazi hii hupenda kukaa karibu na inakozalishwa. Viwanda viwili vyenye majina tofauti vinaweza basi kulishwa na mtambo mmoja au kupitisha mzigo bandari moja. Waulize mawakala wote wawili gesi inatoka wapi na mzigo unapita wapi. Mmoja akikosa jibu, hesabu kwamba una chanzo kimoja.

Ukishindwa kupata chanzo cha pili cha kweli, njia ya kando ni fomula ya pili. Wakemia wenu waandae toleo linalotumia SLS au AOS, ambazo ni malighafi nyingine za povu, walijaribu, kisha waliweke kwenye faili likiwa limeidhinishwa. Tahadhari moja: SLES mnaifanya nzito kwa chumvi, ila AOS haiitikii chumvi vizuri hivyo, kwa hiyo kizito kingine kitahitajika, nacho kina msambazaji wake. Orodha ya viungo kwenye lebo itabadilika pia. Muundo wa lebo hiyo uwe tayari kwa mchapaji kabla ya dharura, pamoja na kibali chochote ambacho mamlaka yenu inadai.

Kuhusu akiba, mhasibu wako ana haki yake. Chukua pampu: siku 75 za kurudi, toa siku 9 ulizo nazo, pengo ni siku 66. Zidisha kwa 8,000 upate pampu 528,000. Hakuna bosi atakayesaini hapo, wala usimpelekee. Anza kwa kufupisha zile 75, kisha akiba izibe kinachobaki.

Njia ya kwanza ni msambazaji wa pili aliyekwisha kuidhinishwa. Neno "aliyekwisha" ndilo lenye kazi. Kujaribu pampu mpya ni pamoja na kuziweka chupa zilizojazwa kwenye joto la nyuzi 40 kwa wiki 12 hivi, kuona kama sabuni itaivimbisha plastiki au kama springi ya pampu itaota kutu. Ukianza majaribio siku ya moto, miezi mitatu imekwenda. Ukimaliza leo, anaweza kukufikishia mzigo baada ya siku 25. Ila mpe kazi halisi: asilimia 20 hadi 30 ya oda zako, mwaka mzima. Anayepewa oda moja ya majaribio kila mwaka hatakukumbuka pampu zitakapoadimika. Atawahudumia wanaomlisha kila wiki.

Njia ya pili nadhani hamjaitazama, na ndiyo rahisi kuliko zote. Ikiwa chupa zenu zina shingo ya kipimo cha 28/410, ambacho ni cha kawaida sana, shingo hiyohiyo inakubali kifuniko cha kubofya kisicho na pampu. Kifuniko hicho ni kipande chepesi chenye watengenezaji wengi. Mkiweka 80,000 ghalani, mnapata siku 10 za kusukuma mauzo kwa bei ndogo. Yako mambo matatu yatakayowakwamisha msipoyajaribu sasa. Kichwa cha mashine ya kufungia lazima kibadilishwe, kwa hiyo kinunueni na kukihifadhi kikiwa na namba yake. Nguvu ya kufunga si ileile ya pampu. Ikizidi, nyuzi za kufungia kifuniko zinakatika, ikipungua chupa inavuja njiani. Na boksi la chupa zenye pampu ni refu, kwa hiyo chupa zenye kifuniko kifupi zitabaki na nafasi juu, na boksi zikipangwa nyingi za chini zitabonyea. Wekeni karatasi ngumu ya kujazia, au punguzeni tabaka kwenye paleti. Mteja mkubwa aikubali sampuli kwa maandishi kabla.

Sasa hesabu inakuwa hivi: siku 25 za msambazaji wa pili, toa 9 za stoki, toa 10 za vifuniko vya kubofya. Zimebaki 6, yaani pampu 48,000 za kuongeza. Huo ndio ukurasa wa kumpelekea mhasibu. Akiba hiyo izungushwe, ya zamani itoke kwanza, na isikae jengo moja na ile ya kila siku. Wengine humwomba msambazaji awawekee akiba kwake; moto ukija unakula mashine na akiba kwa pamoja. Manukato na lebo msizirundike: harufu hubadilika, na lebo huwa taka siku idara ya masoko inapobadili muundo.

Kwa huyu mwenye kiwanda kidogo, swali kubwa kuliko yote mliloliacha ni hili: kalibu ni ya nani? Kama mliilipia, iandikwe kwenye mkataba kuwa ni mali yenu, ipigwe bamba la chuma lenye jina lenu, ipigwe picha kila mwaka, na mkataba uwape haki ya kuja kuichukua ndani ya siku mbili hata kama mnadaiwana au amefilisika. Michoro yake na mipangilio ya mashine, yaani joto, shinikizo na muda wa kupoa, mkae na nakala. Mwaka 1997 kiwanda cha Aisin kilichoitengenezea Toyota karibu vali zake zote za breki kiliungua, wakati Toyota ina stoki ya saa chache tu. Uzalishaji ulisimama, lakini ulianza kurejea ndani ya siku chache, kwa kuwa michoro na maelekezo vilisambazwa mara moja na zaidi ya kampuni 60 zikashiriki kutengeneza vali hizo. Bila michoro, wema wa jirani hauna pa kuanzia.

Vifungu vingine vya kudai: akupe taarifa ndani ya saa 24 likitokea jambo lolote linalotishia mzigo wako, hata kama anadhani atalimaliza mwenyewe, wakati wa uhaba upate mgao kulingana na oda zako za kawaida, akitaka kuacha kutengeneza kitu akuambie miezi 6 kabla, akibadili chanzo cha malighafi akuambie kabla ya kubadili. Kwenye kifungu cha majanga yasiyozuilika, ongeza kwamba hawezi kujikinga nacho ikiwa hakutekeleza mpango aliokuonyesha. Faini sizipendi kwa mtu mdogo. Aliyeunguliwa hana cha kukulipa, na hofu ya faini ndiyo inayomfanya anyamaze siku tatu za kwanza, ambazo ndizo za thamani.

Siku hizo zina historia yake. Machi 2000 radi ilisababisha moto mdogo kwenye kiwanda cha Philips huko Albuquerque, Marekani. Ulizimwa ndani ya dakika kama kumi, lakini moshi na maji viliharibu vyumba safi, visivyoruhusu hata vumbi, vya kutengenezea chipu za simu. Nokia na Ericsson wote walikuwa wateja. Nokia ilishtuka mapema, ikatuma watu na kubana vyanzo vingine. Ericsson ilichukulia kuwa ni jambo dogo, ikapata hasara ya mamia ya mamilioni ya dola. Basi kwenye mpango wako andika kabisa kinachowasha kengele: taarifa yoyote ya moto, mafuriko au mgomo kwa msambazaji, mzigo kuchelewa siku 3, simu kutopokelewa saa 24, stoki kushuka chini ya siku 7. Taja kwa cheo nani anatamka kwamba mpango umeanza, na msaidizi wake. Dalili za kuishiwa fedha nazo ziingie: anaanza kudai malipo ya mbele, analeta mzigo nusunusu, wafanyakazi wa zamani wanaondoka. Akituma barua pepe kubadili akaunti ya benki, piga ile namba mliyokuwa nayo tangu zamani, si iliyo kwenye barua hiyo. Huenda ni tapeli.

Kampuni kubwa ya mfumo haitabadili mkataba kwa ajili yenu, kwa hiyo kazi iwe upande wenu. Tafuta kwenye mkataba namba mbili: saa ngapi mfumo utarudi, na data ya saa ngapi inaweza kupotea. Kisha kila siku vuteni nakala yenu wenyewe ya oda, stoki na anwani za wateja, ikae mahali pasipoguswa na mfumo huo. Kila robo mwaka ifungueni kwenye kompyuta nyingine na mtafute oda tano kwa majina. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa msiihesabu. Fomu za karatasi za kutolea mzigo ziwepo ghalani. Tarehe 1 Machi 2022 Toyota ilisimamisha viwanda vyake vyote 14 vya Japani kwa siku moja kwa sababu mifumo ya kompyuta ya msambazaji wake, Kojima, ilishambuliwa. Vipande havikuungua popote.

Kabla ya kumjibu mteja, fanyeni zoezi la saa mbili. Meza moja: manunuzi, ghala, uzalishaji, ubora, mauzo, fedha, na mwenye pampu akiwa kwenye simu. Soma kadi ya kwanza: Jumatatu, saa 1:20 asubuhi, kiwanda cha pampu kimeungua usiku. Baada ya dakika 30 soma ya pili: mtunza ghala ndiye mwenye ufunguo wa akiba, naye yuko likizo. Ya tatu: mteja mkubwa anataka oda yake yote, na wadogo wanapiga simu. Hapo ndipo mtajua kama mmekubaliana chupa ipi ipate pampu kwanza, ya nusu lita au ya lita moja. Mtu mmoja aandike kila swali lililokosa jibu pamoja na jina la wa kulishughulikia na tarehe. Wiki inayofuata, endesheni laini kwa saa moja kwa vifuniko vya kubofya.

Kwa mteja peleka kurasa tatu au nne: jedwali la wasambazaji wenye pengo na siku zao, mnachofanya kuliziba na lini kitakamilika, matokeo ya zoezi pamoja na kasoro zake, na namba za simu. SLES iandike wazi kuwa bado ina chanzo kimoja, na utaje mwezi ambao fomula ya pili itakuwa tayari. Jedwali lipitiwe kila robo mwaka, na siku yoyote msambazaji anapohama jengo, kuuzwa, au kubadili anakonunua.